Polisi wa Ngazi na Ukuta wa Korido

Mwanamke anayefagia ngazi za jengo letu tumempa jina la Polisi wa Ngazi. Sijui nani alilianzisha, ila aliyelieneza ni mimi. Nalisema mapema ili msije mkalisikia kwa wengine likiwa limetiwa chumvi. Ni mfupi, mabega mapana, anashika ufagio kwa mkono wa kushoto, na haamini mtu. Ukimwambia ni saa nne, atapanda kumuuliza wa ghorofa ya tano, atashuka kumuuliza mlinzi, ndipo aangalie saa yake mwenyewe ambayo alikuwa nayo mkononi muda wote. Ukimpa chai anainusa kwanza. Nilishawahi kumwambia, dada, nikitaka kukuua sitapoteza sukari. Hakucheka.

Miaka ishirini na miwili anafagia ghorofa sita, kuanzia juu kushuka chini. Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye karakana ya matofali ya saruji, na huko ndiko alikojifunza kusoma vumbi. Sitanii. Wenzake wanasoma magazeti, yeye anasoma kilichobaki kwenye kizoleo. Vumbi jeupe laini, kuna mtu anakwangua rangi. Vumbi la njano lenye harufu, seremala yupo. Vumbi la kijivu lenye chembechembe, hilo ni tofali la saruji, na maana yake kuna ukuta unakwenda chini. Akishajua hilo, anatafuta mlango. Akishapata mlango, anaanza kufagia mbele yake polepole, na hapo ndipo mwenye mlango anaanza kujifungia ndani.

Mwaka huu mlango ulikuwa wangu.

Tunakaa ghorofa ya nne, mlango wa kushoto. Flati ni ya mama mkwe wangu, aliinunua kwa mkataba wa miaka tisini na tisa enzi hizo akiwa karani. Watu hawaelewi mkataba wa namna hii. Umelipa, una funguo, unakaa mpaka uzeeke, lakini jengo ni la kampuni, na kifungu cha kumi na nne kinasema usiondoe, usiongeze wala usitoboe ukuta wa ndani bila idhini yao ya maandishi. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, nyumbani anaonekana wiki moja kwa mwezi. Siku nyingi tupo wawili, mimi na mama, na hatujawahi kugombana kwa sauti.

Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule, suruali na mashati kwa makumi, na kwa miaka tisa nimekata vitambaa sakafuni kwa magoti. Magoti yangu yanajua kila kigae cha sebule. Nilichotaka ni meza ya kukatia, mita tatu, chini ya mwanga. Mwanga mzuri ulikuwa jikoni, na kati ya jikoni na korido kulikuwa na ukuta wa inchi sita na mlango mzito wenye mkono wa chuma juu, ule unaojifunga wenyewe ukiuachia. Mlango ule uliniudhi. Miaka mitatu niliuzuia kwa pasi mbovu ili usijifunge. Nikaona ukuta na mlango vikiondoka, korido na jikoni vitakuwa kitu kimoja, na meza yangu itakaa pale.

Nilimwambia mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Alikuwa anakula, akanipungia mkono: "Endelea tu, mama, ila wasipige nyundo mchana watu wakipumzika." Nikaona nimeruhusiwa. Kampuni sikuiandikia. Kuku wangu mwenyewe, manati ya nini? Ingawa kuku alikuwa wa mama mkwe, na yeye nilimwambia tunapaka rangi na kuongeza mwanga. Akasema haya.

Fundi alikuja, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. "Huu haubebi kitu," akasema. "Juu ni zege, linajitegemea. Hata nikiupiga teke nyumba haina habari." Hilo ndilo nililotaka kusikia. Sote tuliuliza kama nyumba itaanguka. Moshi utapita wapi, hakuna aliyeuliza.

Kazi ilichukua siku moja na nusu. Kifusi kilitoka kwa magunia kumi na tisa, na fundi nilimfundisha cha kusema. Siku ya pili nikasikia sauti kwenye ngazi.

"Mnafanya nini humo?"

"Tunabadilisha vigae vya bafu, mama," fundi akajibu.

"Bafu lao lina vigae vingapi?"

"Vingi."

"Vigae havitoi vumbi la kijivu."

Nikatoka mimi, nimeshika kiuno. Nikamuuliza kama kampuni inamlipa kwa kufagia au kwa kuhoji watu. Akaniangalia viatu, kisha uso. "Idhini ya maandishi unayo, bibie?"

"Mwenyekiti anajua."

"Sikuuliza nani anajua."

Akainama, akafungua gunia moja pale pale kwenye ngazi, akaanza kugeuza vipande vya lipu kama mtu anayechagua viazi. Nilimwacha. Nikafunga mlango kwa hasira, na kwa woga pia, sitaficha. Mwenye flati akivunja mkataba, kampuni inaweza kwenda mahakamani kuuvunja kabisa. Wa ghorofa ya kwanza aliwahi kuonywa kwa sababu ya tundu la feni tu. Nikajisemea, huyu mwanamke akifungua mdomo, tutatoka humu na mama mzee na cherehani mgongoni.

Meza ikaja. Mwanga, nitawaambia nini, niliweza kuona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Majora ya vitambaa niliyasimamisha pembeni, hatua mbili kutoka kwenye jiko la gesi, na nilikata suruali arobaini kwa siku nimesimama kama binadamu. Ningekuwa na furaha kama si mama mkwe.

Aliacha kutoka chumbani. Chumba chake kiko mwisho kabisa, ukitoka unapita hapo palipokuwa korido ndipo ufike mlango wa nje. Zamani kila asubuhi alitoka mwenyewe, akapita bafuni, akaenda kukaa kibarazani nje ya mlango, kwenye kiti chake, akasalimiana na watu. Sasa bafuni alisubiri nimshike mkono. Kibarazani akasema kuna baridi. Chakula akasema nimpelekee. Nikasema moyoni, haya, ananisusia. Amejua nimevunja ukuta wake bila kumwambia, sasa anataka nimbembeleze. Na mimi kubembeleza sijui.

Halafu viatu. Siku moja nabadilisha shuka, nikakuta mchanga miguuni. Siku ya pili tena. Siku ya tatu nikafunua blanketi asubuhi nikamkuta amelala na viatu vyake vya kamba, vimefungwa kabisa.

"Mama, viatu kitandani?"

"Miguu inapata baridi."

"Nikuletee soksi?"

"Sitaki soksi."

Nikatoka nimekunja uso. Nilifikiri akili inaanza kwenda. Kisha nikafikiri vibaya zaidi. Polisi wa Ngazi siku hizi alikuwa anapiga deki mbele ya mlango wetu muda mrefu kuliko milango mingine yote, na mara mbili nilimsikia akimwita mama kwa sauti ya chini kupitia tundu la barua. Nikasema ndio hao. Wameungana. Mmoja anachunguza kwa nje, mwingine kwa ndani, na mimi niko katikati nakata suruali. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe nashona mimi.

Jumamosi moja asubuhi akabisha. Hakuwa na ufagio, na bila ufagio alionekana mfupi zaidi. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki mzito.

"Nimekuja kumwona mama."

"Mama amepumzika."

"Nitamwona akiwa amepumzika."

"Dada, sema ulichotumwa," nikamwambia. "Kama ni barua, lete. Kama ni kampuni, waambie waje wenyewe."

"Barua ninayo," akasema, akagonga mfuko wa aproni. "Nimeiandika wiki mbili zilizopita. Sijaipeleka kwa sababu nilitaka kwanza nijue wewe ni mjinga au ni mtu mbaya."

Hebu fikiria, mlangoni kwangu. Kabla sijamjibu, akafungua ule mfuko wa plastiki, akatoa kipande cha lipu kikubwa kama sahani, akanionyesha upande uliopakwa rangi. Katikati kulikuwa na mstari mweusi unaong'aa, upana wa vidole vitatu.

Niliujua mstari ule. Ulikuwa ukipita korido nzima, usawa wa kiuno, kutoka mlango wa mama hadi mlango wa nje. Nilikuwa nausugua kwa sabuni kila mwezi na kuwalaumu wateja wanaokuja kupimwa.

"Vipande kumi na moja, vyote vina mstari huu," akasema. "Mtoto huchafua ukuta ovyo ovyo. Mtu mzima anayeona, ukuta haugusi. Mstari ulionyooka hivi ni wa mtu anayetembea kwa mkono. Sasa humu mnakaa wawili, na wewe unatunga uzi kwenye sindano. Flati ni ya nani, bibie?"

"Ya mama."

"Basi. Mwenye nyumba haoni, na mkwe wake anavunja kitu kinachomtoa nje, kimya kimya, bila karatasi, anasema ni vigae. Ungekuwa mimi ungefikiri nini?"

Nilitaka kumwambia mama anaona vizuri tu, na hapo hapo nikakumbuka kwamba zamani yeye ndiye aliyenitungia uzi kila asubuhi, sindano sita kwa mpigo, na mwaka jana aliacha akasema vidole vinatetemeka. Vidole vyake havitetemeki. Anamenya kitunguu bila ganda kukatika.

Sauti ikatoka chumbani: "Mwache aingie."

Tukaingia. Mama alikuwa amekaa kitandani, amevaa, na viatu miguuni. Polisi wa Ngazi akamsalimia kwa adabu ambayo sikujua anayo, akainama kabisa, akamshika mikono yote miwili. Kisha akanigeukia mimi, adabu ikaisha.

"Simama hapa kitandani. Funga macho."

"Ya nini?"

"Kuna moshi. Taa imezimika. Nenda mlango wa nje. Na uiname, moshi hukaa juu."

Ningeweza kukataa. Nilifunga macho kwa hasira tu, nimwonyeshe. Nyumba yangu mwenyewe, miaka tisa, ningeshindwaje? Nikainama, nikatoka mlango wa chumba, nikanyoosha mkono wa kulia kutafuta ukuta. Hapakuwa na ukuta. Mkono ulienda, ukaendelea kwenda. Nikapiga hatua nyingine, nikagonga kona ya meza kwa nyonga. Nikaizunguka, sijui kwa upande gani, bega likakutana na majora ya vitambaa, moja likaanguka. Nikasikia moyo unaenda mbio, na nilijua kabisa ni mchana na hakuna moshi. Nikanyoosha mkono tena kwa nguvu, nikashika.

Nilishika sufuria. Ilikuwa imetoka kuchemka dakika chache zilizopita. Nilifungua macho nikiwa nimesimama mbele ya jiko la gesi, mgongo nimeupa mlango wa nje.

"Zilikuwa hatua kumi na moja," mama akasema kutoka kitandani. Hakusema kwa ukali. "Ukitoka, mkono wa kulia ukutani. Ukifika kwenye mlango wa jikoni unahesabu mbao mbili za fremu, unaendelea. Kumi na moja, unashika kitasa."

Polisi wa Ngazi akanishika kifundo cha mkono, akaweka vidole vyangu chini ya bomba la maji. Aliniambia wakati maji yanatiririka, kama mtu anayesoma tangazo, kwamba ule ukuta na ule mlango wenye mkono wa chuma viliwekwa ili moto wa jikoni ukae jikoni nusu saa, watu wa chumba cha ndani wapite koridoni watoke. Miaka kumi na mitano iliyopita ghorofa ya sita kikaango kiliwaka. Jikoni palikuwa peusi tupu, na koridoni, alipoenda kufagia, kizoleo kilitoka kisafi. Ndiyo sababu anahoji. Nikamuuliza kwa nini hakusema hivyo siku ya kwanza. Akasema sikumuuliza, nilishika kiuno.

Nikarudi kwa mama, nikakaa chini sakafuni. "Kwa nini hukuniambia huoni?"

"Naona mwanga na kivuli. Usiniue kabla ya siku zangu."

"Mama."

Akavuta pumzi. "Mzee asiyeona huletewa karatasi atie sahihi. Nimekuwa karani miaka thelathini, nimeziona karatasi hizo, na nimewaona waliozileta. Walikuwa watoto wao na wakwe zao. Nikasema nyumba hii naijua kwa mkono, sina haja ya mtu kujua. Kisha nikasikia nyundo." Akapapasa kamba za kiatu. "Nikajua umegundua. Nikajua hutaki nitoke."

Hilo liliniingia. Mimi nilidhani ananisusia, yeye alidhani namfungia, na mwenzetu wa ufagio alidhani nataka kumuua. Na kati ya sote watatu, mwenye sababu ndogo kuliko wote ya kushuku nilikuwa mimi. Nililia, tena vibaya, kwa sauti, mbele ya mtu niliyemwenezea jina.

"Na viatu?" nikauliza mwishowe.

"Moto ukija nitakuwa natafuta mlango," mama akasema. "Nikilala navyo, nitatafuta kitu kimoja tu."

Barua ilikwenda. Niliipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya kampuni, na yangu juu yake, nimeeleza kila kitu pamoja na uongo wa vigae. Mkaguzi akaja, kijana mpole mwenye tochi, akapima, akapiga picha, akatupa onyo la maandishi badala ya mahakama kwa kuwa tulijisema wenyewe. Kuvunja kulichukua siku moja na nusu bila karatasi. Kurudisha kulitaka mchoro, saini ya mwenye flati kwenye karatasi iliyosomwa kwa sauti mbele ya mashahidi wawili, idhini, na wiki saba za kungoja. Mwenyekiti wa kamati alipita siku moja, akatikisa kichwa, akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia ufa alikuwa yeye.

Wiki hizo saba mkaguzi alikataza kupika pale. Tulipika kwa jirani wa mlango wa kulia, na majora niliyahamishia kwa dada yangu. Nilishona utepe mrefu wa kitambaa kigumu, wenye fundo kila hatua, mafundo kumi na moja, nikaufunga kutoka kitanda cha mama hadi kitasa cha mlango wa nje. Aliushika, akaupima, akasema mshono mzuri. Lakini usiku alilala na viatu. Mchanga kwenye shuka kila asubuhi. Nilikung'uta tu.

Ukuta ukarudi pale pale ulipokuwa, wa mbao za jasi zinazostahimili moto, kila tundu la bomba na waya limezibwa, mlango mpya mzito, mkono wa chuma mpya, na king'ora cha moshi darini. Pasi mbovu niliitupa. Nimerudi kukata kwa magoti. Rangi ilikuwa nyeupe kabisa, na siku ya kwanza mama alipopitisha kiganja alisema ukuta huu ni wa baridi, si wake. Kila Jumatatu Polisi wa Ngazi alibisha, akachungulia ukuta usawa wa kiuno, akauliza, "Bado?" Nikajibu bado. Akaenda. Mimi niliona ameshaniamini nusu. Yeye hakusema.

Wiki ya tatu niliingia na chai ya mama asubuhi, chumba kitupu. Nikakimbilia mlangoni, na njiani nikaona ukutani kivuli chembamba cha kijivu, kimenyooka, kinaanzia mlango wa chumba. Nje, kibarazani, mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miguu mitupu, anasalimiana na watu. Shuka nililipapasa baadaye, halikuwa na mchanga. Viatu vilikuwa ndani ya nyumba, kando ya mlango wa nje, chini ya kitasa, vimepangwa sawasawa.

Polisi wa Ngazi alikuwa anashuka na ufagio wake. Akachungulia mlangoni, akaviona.

"Viatu vya nani?"

"Vya mama," nikamwambia. "Amelala bila viatu."

Akaniangalia usoni muda mrefu. Kisha akanipita, akaenda kibarazani kumuuliza mama mwenyewe.